Nilivyokwenda Iringa Kumfumania Mfanyakazi Wangu

Ofisi yetu ya Mbeya ilikuwa na ghorofa mbili. Mkataba wa pango ulipoisha tukarudisha ghorofa ya juu, meza zikabaki chache kuliko watu. Tukaambiwa kila mtu atakuja ofisini siku mbili kwa wiki, siku nyingine afanyie kazi popote alipo, mradi kazi ifanyike. Vijana walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa mkuu wa kitengo cha taarifa za wakulima, na miaka yote niliyosimamia watu nilizoea kuinua kichwa na kuwaona. Nikimwona mtu ameinama mezani, moyo wangu unatulia.

Mmoja wa watu wangu, mwanamume wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi, aliomba zaidi ya hapo. Alitaka kuhamia kwao Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, awe anakuja Mbeya mara moja kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kupokea ripoti za wenzetu wa vijijini, wa vitunguu Ruaha Mbuyuni, wa tumbaku Chunya, kuzisahihisha na kuzifanya taarifa moja ya wiki. Kazi hiyo haihitaji meza ya Mbeya. Fomu za maombi zililetwa kwangu rundo zima asubuhi moja, nami nikazisaini zote kabla chai haijapoa.

Kwenye kompyuta zetu kila mtu ana kidoti cha kijani kando ya jina lake. Akiondoka, kinazima. Nilianza kuviangalia vile vidoti kama mtu anayechunga vifaranga. Cha mtu wa Kalenga kilikuwa kinazima kila siku saa sita kamili, kinarudi saa nane. Kila siku. Sikumuuliza. Nilikaa na jambo hilo tumboni, likawa linakua.

Siku moja mwenzetu wa manunuzi aliniinamia pale kwenye birika la chai. "Bosi, hujui? Yule ana shamba la nyanya Ruaha Mbuyuni. Mchana yuko shambani."

"Umeliona?"

"Watu wanasema."

Wiki ileile viwavijeshi wakaingia kwenye mahindi ya wilaya mbili. Mkurugenzi alitaka orodha ya vijiji, haraka, mchana huohuo. Nikamwandikia mtu wa Kalenga ujumbe, kisha nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena, mkurugenzi amesimama nyuma ya kiti changu, nasikia anavyopumua. Saa nane na robo orodha ikaingia, safi, haina kosa. Lakini aibu ilikuwa imeshanipata.

"Wewe ndiye uliyesaini," mkurugenzi alisema. "Siku mambo yakibumbuluka, tutakuuliza wewe." Kesho yake akanipa barua ya kumwonya mtu wa Kalenga, iliyokwisha kupigwa chapa, imebaki sahihi yangu tu. Nikaitia kwenye mkoba.

Alhamisi nilipanda basi la alfajiri bila kumwambia mtu. Njia nzima, Makambako, Mafinga, baridi inaingia dirishani, nilikuwa napanga maneno. Niliogopa kumkuta hayupo, na kusema kweli niliogopa zaidi kumkuta yupo. Nilifika Iringa mchana, nikachukua bajaji hadi Kalenga. Nyumba nilielekezwa mara moja. Ilikuwa saa sita na nusu.

Mkewe alikuwa anaanika maharage uani. Aliponiona na mkoba na viatu vya mjini, alinyanyuka.

"Shikamoo mama. Karibu. Umetoka wapi?"

"Marahaba. Natoka Mbeya, ofisini. Mumeo yupo?"

Alibadilika uso. "Yupo ndani, mama. Ila ana shughuli."

Nilisema nitaingia hivyohivyo. Mpaka leo natamani ningesubiri.

Chumbani kulikuwa na kitanda, na mzee ameegemezwa mito, mdomo umepinda upande mmoja. Mwanawe, mtu wangu, alikuwa amekaa kando yake, bakuli la uji mkononi. Alikuwa anamtilia kijiko nusu, anampapasa koo kwa vidole viwili, anasubiri ameze, ndipo anachota tena. Simu yake ilikuwa juu ya kabati, imezimwa sauti. Aligeuka akaniona. Hakusimama. Angesimama, mzee angepaliwa.

"Kamwene, baba," nilimsalimia mzee, ndilo neno la Kihehe nililokuwa nalo. Akainua mkono mmoja, ule uliokuwa bado unamtii.

Nilisimama pale mpaka bakuli likaisha. Kisha nikamwona akimkunja baba yake goti na kulinyoosha, akihesabu kwa sauti ya chini. Alipomaliza alinawa mikono, tukatoka uani.

"Mama, umekuja kunikagua," alisema. Hakuuliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

Aliingia ndani akarudi na kompyuta. Akanifungulia nakala ya ile fomu. Palipoandikwa muda ambao mwombaji hatapatikana, alikuwa ameandika: saa sita hadi saa nane, namlisha na kumfanyisha mazoezi baba yangu, aliyepooza, muda huo nitaufidia alfajiri. Chini yake ilikuwa sahihi yangu.

Nilikumbuka barua pepe zake za saa kumi na moja alfajiri, ambazo nilidhani ni za kujionyesha.

"Nisamehe," nilisema.

"Mimi nilidhani umesoma," alijibu. "Nilikuwa nakuombea dua kwa hilo."

Mkewe alileta chai na viazi. Sikuweza kukataa, nikala. Barua ilikuwa mkobani, sikuitoa.

Jumatatu niliiweka mezani kwa mkurugenzi, haina sahihi, nikamwambia kosa ni langu. Alikasirika. Aliuliza kama sasa kila mtu atajipangia saa zake. Nikasema watu wazipange, waziandike, na sisi tuzisome. Tulibishana mpaka koo zikatukauka. Mwisho alikubali saa za kila mmoja zibandikwe ukutani mahali pa wote kuona, na kidoti cha kijani kisitumike tena kumhukumu mtu. Kwenye kikao nilieleza mbele ya wote nilichofanya. Yule wa manunuzi aliangalia dirishani muda wote.

Mtu wangu wa Kalenga alisikiliza kikao kile kwa simu. Mwezi uliofuata aliomba kuhamia kitengo kingine. Nilisoma barua yake mara tatu kabla ya kuisaini. Yupo kazini mpaka leo, na kazi yake ni nzuri kama zamani. Akija Mbeya tunasalimiana vizuri. Nikimuuliza hali ya mzee, ananijibu kwa heshima, kwa maneno machache, kisha anarudi kwenye kazi yake.