Tao la Msonobari Kwenye Handaki Namba Saba

Manispaa imeamua, baada ya vikao vitatu na chakula cha mchana kimoja, kwamba handaki namba saba katika bustani ya ufukwe wa Vorhale ni mahali pa utulivu na tafakuri. Tangazo lilitoka mwezi wa tano, limetiwa plastiki lisilowe. Linasema kuwa handaki hilo la zege lilijengwa mwaka 1943 na jeshi la Ujerumani lililoikalia Denmark, kwamba vizazi vijavyo vina haki ya kukaa ndani yake kimya, na kwamba ni marufuku kula humo, kuimba, kuanika nguo au kuhifadhi vifaa vya michezo. Ofisa atafika siku moja ya Juni, ambayo haitatajwa, kupima kiwango cha utulivu. Utulivu usipotosha, mlango utafukiwa kwa mchanga kabla ya majira ya baridi.

Lilikuwa tangazo zuri. Kasoro yake ni moja tu: aliyepewa kazi ya kulitundika alikuwa Ellinor Thybo, na Ellinor Thybo ndiye anayekula, kuimba, kuanika nguo na kuhifadhi vifaa vya michezo humo. Alilitundika vizuri. Alitumia msumari mrefu, akauacha umechomoza mbele kiasi cha kidole kimoja.

Ellinor ana miaka sabini na miwili na ndiye mtunzaji wa bustani ile. Manispaa ilimstaafisha miaka mitano iliyopita, ikampa shada la maua, na Jumatatu iliyofuata ikampigia simu kumuuliza funguo za vyoo ziko wapi. Alikwenda kuwaonyesha, na hajarudi nyumbani mpaka leo. Chini ya mikono yake kuna vyoo sita, bembea mbili, meko matatu ya kuchomea soseji, meza za familia, na mahandaki kumi na manne, ambayo mawili bahari imeshayavuta na moja limeinama kiasi kwamba watoto huteleza juu yake kwa makalio kuanzia Mei hadi Septemba. Wageni wengi hutoka Ujerumani. Huyatazama mahandaki kwa adabu, hunyamaza kidogo, kisha huuliza choo kiko wapi. Ellinor huwajibu kwa Kijerumani chake chenye maneno arobaini, na thelathini kati ya hayo yanahusu vyoo.

Namba saba alilichukua taratibu, bila kumtangazia mtu. Majira ya joto kwetu ni habari ya kalenda zaidi kuliko ya ngozi. Mtoto huingia baharini akicheka na kutoka na midomo ya zambarau, na hapo ndipo Ellinor humshika mkono na kumpeleka namba saba, ambako upepo haufiki. Mlango wake una kona mbili, zilizojengwa ili bomu likilipuka nje kishindo kisiingie ndani. Ndani kuna misumari ishirini na mitatu ya kutundikia nguo za kuogelea, mablanketi, chupa ya chai, na sanduku la ndoo na sepetu za plastiki zilizosahauliwa na familia za miaka thelathini. Nimewahi kuona humo watoto tisa wakila mkate wa mdalasini mahali palipokusudiwa kuwekwa mzinga wa vita. Hakuna aliyetafakari.

Lakini sababu yake ya kulipenda handaki lile ni ya zamani zaidi. Siku ya arusi yake, Juni mwaka 1974, yeye na Verner walisimamisha hema la karamu juu ya matuta ya mchanga, kwa kuwa Verner alisema hali ya hewa itakuwa nzuri. Verner amekuwa fundi bomba maisha yake yote na hajawahi tena kusema lolote kuhusu hali ya hewa. Upepo ulilichukua hema wakati wa supu. Lilionekana mara ya mwisho likielekea Norwe. Watu arobaini na wawili walikimbilia namba saba wakiwa wamebeba sahani, wakamalizia supu humo, wakacheza humo, na mama yake Verner, ambaye alikuwa hajamsemesha Ellinor tangu uchumba, alilazimika kukaa mapajani pake kwa kukosa nafasi. Wakawa marafiki.

Sasa miaka hamsini imetimia. Na kwetu Jutland, ndoa ikifika hapo, majirani huamka alfajiri, hupanda ngazi, na kupamba mlango wa wenyewe kwa tao la matawi ya msonobari lenye maua ya karatasi ya rangi ya dhahabu. Tarumbeta hupigwa, wimbo huimbwa, na wenye ndoa hutoka wakiwa na nguo za kulalia, wakijifanya wameshtuka. Kisha kila mtu huingia ndani kunywa kahawa na kinywaji kichungu cha mitishamba, ambacho saa hiyo ya asubuhi huhesabiwa kuwa dawa.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Ellinor alimwendea Holger Bakgaard, mwokaji mikate mstaafu, ambaye ndiye mkuu wa matao yote ya mtaa wetu na mpiga tarumbeta pekee.

"Holger, tao langu silitaki nyumbani. Nalitaka namba saba."

"Kwani umelewa?"

"Bado."

"Bi Ellinor, sikiliza. Tao linawekwa mlango wa mahali watu wanapolala. Ndivyo lilivyo. Siwezi kuweka tao kwenye mlango wa mahali ambapo hakuna mtu anayelala. Kesho mwingine atataka nimwekee kwenye banda la kuku."

"Basi tutalala humo."

Holger alimgeukia Verner, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mkewe akitazama viatu vyake.

"Na wewe mzee, unasemaje?"

"Jeshini nililala pabaya zaidi," alisema Verner. "Na kulikuwa na mwenzangu Bent anakoroma."

"Na manispaa je? Wakija siku hiyohiyo na kipimo chao? Watafukia mlango, Ellinor. Utakuwa umekula keki ya siku moja ukapoteza handaki la maisha."

Hilo lilimgusa. Alikwenda kuitazama kalenda ya ukutani kwa Holger. Alijua vizuri anachocheza nacho. Mlango ule ukifukiwa, watoto wenye midomo ya zambarau watatetemeka nje karibu na vyoo, na ile supu ya mwaka 1974 haitakuwa na mahali pa kukumbukiwa.

"Tarehe kumi na tano ni Jumamosi," alisema hatimaye. "Mtu wa ofisini, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi? Holger, tusitukanane."

Holger alikubali, akaenda kutafuta ngazi ya pili.

Kwa hiyo tarehe kumi na tano Juni, kulipopambazuka, Ellinor na Verner waliingia namba saba na kitanda cha kukunja, mito miwili na saa ya mezani. Saa kumi na mbili tulikuwa ufukweni watu zaidi ya sitini, na ngazi mbili. Upepo ulitoka magharibi na ulikuwa na haraka. Tulifunga matawi kwa waya wa umeme, tukafunga tena, na namba hamsini ya karatasi ilipotaka kuondoka tukaipigilia misumari.

Hapo ndipo alipofika msichana mmoja mrefu mwenye koti la manjano, amebeba kwa mkono mmoja stendi ya miguu mitatu na kwa mkono mwingine sanduku dogo. Hakuna aliyemuuliza ni nani. Katika shughuli kama hii kila mtu hudhani mgeni ni mpwa wa mwingine.

"Dada, shika ngazi hapo," Holger alimwambia kutoka juu.

"Samahani, mimi nimekuja ku..."

"Kwanza shika. Nikianguka hutafanya ulichokuja kufanya."

Akashika. Aliishika ngazi kwa uaminifu kwa dakika kumi na tano, kisha akaomba radhi, akaenda kusimamisha stendi yake mita kumi kamili kutoka mlangoni, umbali alioupima kwa futi ya chuma, akaweka juu yake kile kilichokuwa sandukuni, na kubonyeza kitufe saa moja kamili. Wengi wetu tulidhani ni kamera. Baadhi walitabasamu kuielekea.

Saa moja kamili ndiyo pia saa ambayo upepo ulichukua karatasi za wimbo kutoka mkononi mwa mke wa Holger. Tuliokoa nyingi. Holger aliinua tarumbeta, akapuliza, na sauti yote ikarudi kifuani kwake.

"Ndani!" alipiga kelele. "Wote ndani! Itakuwa karamu ileile ya mwaka wa sabini na nne!"

Yule msichana alibaki kando ya kifaa chake.

"Na wewe unabaki nje na nani? Ingia, utapata mafua," alisema Holger.

"Kwa kweli natakiwa kuona ndani pia," alisema.

"Si ndiyo hiyo? Ingia uone."

Ndani, chini ya taa mbili za betri, wazee wawili walikuwa wamelala kitandani wamefunika nyuso. Ellinor alikuwa anajifanya. Verner alikuwa amelala kabisa, na tarumbeta ilipopigwa nusu mita kutoka sikioni mwake aliketi na kuuliza bomba lipi limepasuka. Tukaimba. Wimbo ulikuwa na beti kumi na moja, umetungwa na kamati kwa tuni ambayo kila mmoja anaijua tangu shule. Yule msichana alipewa karatasi, na mtu wa nchi hii akishapewa karatasi ya wimbo huimba mpaka mwisho, hata kama nyumba inaungua. Aliimba ubeti wa hema. Aliimba ubeti wa mama mkwe. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya pili, ya kanisani. Ubeti wa saba ulihusu manispaa na utulivu wake, na maneno yake yalikuwa makali kuliko ilivyohitajika kwa vina. Hapo alisita, kisha akauimba.

Zege lile liliipokea sauti yetu na kuturudishia maradufu. Ellinor alicheka mpaka akajifuta machozi kwa foronya.

Ilikuwa wakati wa kahawa Ellinor alipomwona vizuri yule msichana. Bado yuko kitandani, trei juu ya magoti, akamwita.

"Wewe mrefu, njoo. Umeimba vizuri. Mtoto wa nani wewe?"

"Naitwa Sidsel Ravnkilde, mama. Mimi... mimi natoka manispaa. Nimekuja kupima."

Namba saba lilinyamaza. Nadhani ni sekunde nne. Ndio utulivu pekee uliopatikana humo siku ile, na haukuwa wa tafakuri.

"Jumamosi?" aliuliza Ellinor.

"Nilichagua Jumamosi mapema ili nisikute watu."

Holger aliweka kikombe chake chini taratibu. Ellinor alitazama misumari yake ishirini na mitatu ukutani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeaga wageni mlangoni. Kisha akachukua mkate mdogo, akaupasua, akaupaka siagi nene, akaweka jibini juu.

"Umekula?"

"Hapana, lakini mama, itabidi niandike nilichopima. Siwezi kuandika kingine."

"Nani kakwambia uandike kingine? Andika. Ila ule kwanza. Nasikia umeshika ngazi ya Holger, mtu mzito yule."

Alikula mikate mitatu. Dawa ya mitishamba aliikataa mara mbili, na ya tatu hakukataa. Saa mbili kamili alitoka, na sisi tukatoka nyuma yake, sitini na kitu, Ellinor mbele akiwa na nguo ya kulalia na viatu vya mpira, kwa kuwa hukumu ya handaki lake hakutaka kuisikia akiwa amelala.

Sidsel aliinama juu ya kifaa. Akasoma. Akakipangusa mchanga, akasoma tena. Akatoa fomu mfukoni, akaisoma nayo.

"Vipi?" aliuliza Holger. "Tumekwisha?"

"Fomu inasema sauti ipimwe mita kumi kutoka mlangoni," alisema Sidsel polepole, "kwa saa moja. Na sauti iliyorekodiwa, kwa saa nzima, ni upepo."

"Upepo tu?"

"Upepo tu. Umeimeza hata tarumbeta yako ya nje, upepo hauhesabiwi, na fomu haina mahali pa kuandika kilicho ndani."

Verner alisogea, akaligonga zege la mlangoni kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga bomba.

"Waliolijenga walikuwa watu wabaya," alisema, "lakini kazi yao safi."

Ellinor alimkumbatia Sidsel kwa nguvu iliyomwinua kidogo kutoka ardhini, ingawa Sidsel ndiye mrefu. Tao lilikuwa limeshainama upande mmoja. Watu wawili walilishikilia ili wenye ndoa wapigwe picha chini yake, na katika picha hiyo, ambayo sasa iko kwenye kibanda cha aiskrimu, Verner ana tawi mdomoni na ofisa wa manispaa ameshika keki.

Barua ilifika Agosti. Manispaa inafurahi kuarifu kwamba handaki namba saba limetimiza masharti yote, kwamba kiwango chake cha utulivu ni cha mfano kwa pwani nzima, na kwamba litabaki wazi kwa umma. Kwa kutambua hilo, kamati imeongeza humo benchi moja la mwaloni kwa ajili ya tafakuri.

Benchi lilikuja Jumanne. Linatosha watoto sita kuvaa soksi kwa wakati mmoja, na taulo zao zinatundikwa kwenye msumari wa tangazo.