Mtu Aliyetukalisha Chini Katikati ya Maombi

Habari ilinifikia nikiwa kwa kinyozi, hapa Meru, karibu na Kinoru, nusu ya kichwa ikiwa imeshanyolewa. Aliyepiga simu ni mama mmoja niliyeimba naye kwaya zamani. "Mwalimu, umesikia? Yule mzee wa mashua kule Mbeere ametuacha. Wanazika Ijumaa." Wazo la kwanza lililonijia, nalo linanitia haya, lilikuwa kuuliza kama amezama. "Hapana, si maji," akasema. "Ni kifua. Amelala tu kwa kitanda yake." Kinyozi aliniuliza kama nimefiwa na ndugu, nikamjibu kwamba ni mtu tunayejuana tu. Hata hilo lilikuwa kutia chumvi. Nilionana naye mara mbili maishani mwake, na mara ya kwanza ilinitosha kumharibia jina.

Marehemu alizaliwa mahali pakavu, pa mbuzi na ndengu, kabla bwawa la umeme halijajengwa. Maji yalipofika na kufunika mashamba ya jirani zake, yeye alikuwa kijana, akaandikwa kazi ya kuosha mashua ya mhandisi mmoja mgeni. Mhandisi alimfundisha kushika usukani na kusoma upepo, na mkataba wake ulipokwisha akamwachia mashua, tanga na vyote. Basi mtu ambaye babu yake hakuwahi kuona maji yanayopita magoti akawa nahodha. Alipeleka wageni matembezini kutwa nzima, wengi wao vikundi vya makanisa kutoka Embu na Meru, na hakuogopa miezi ile ya katikati ya mwaka ambapo upepo wa Mbeere huvuma alasiri mpaka unachomoa mabati. Watu wa pwani wana maneno yao ya kazi hii. Yeye hakuwa nayo, kwa hiyo alitumia ya kwetu. Mashua ikilala upande mmoja, ule uliobaki juu aliuita mlima.

"Nyinyi ni watu ya milima, mnajua kupanda," alituambia siku tuliyokwenda sisi, kamati ya kanisa pamoja na kwaya, watu wanane kwa jumla. "Nikisema mlima, kila mtu anapanda ile upande iko juu. Hakuna kuuliza maswali." Kisha akatupanga kwa uzito. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu aliyevaa koti na tai hata siku ya matembezi, alikuwa ameshachagua mahali pa mbele. Nahodha alimtazama tumbo bila kificho. "Mzee, wewe kuja hapa kati. Huku hakuna mgeni rasmi, kuna kilo tu." Kwaya ikacheka. Mwenyekiti hakucheka, na mimi, niliyekuwa katibu wake, niliuma midomo.

Asubuhi ilikuwa tulivu, tukavuka hadi ng'ambo, tukala mayai na viazi vikuu tulivyobeba. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa umeamka. Nahodha alipunguza tanga, akakaza jaketi zetu za kuelea moja moja kwa mkono wake, akasema tutalowa lakini tutafika. Kwa nusu saa hivi ilikuwa furaha. Akisema "mlima," tunapanda, tunapiga kelele kama watoto wa shule. Halafu likaja pigo moja la upepo, mashua ikaenda mrama, maji yakachungulia ukingoni, na mwenyekiti akasema kwa sauti ile ile ya kufungua mkutano, "Tusimame, tuombe."

Nasi tukasimama. Msomaji aliyelelewa makanisani mwetu hatashangaa. Tangu utotoni, mtu akisema tuombe, miguu inanyooka na macho yanajifumba yenyewe, kichwa hakiulizwi. Watu wanane, wima, macho yamefungwa, ndani ya mashua iliyolala ubavu. Nilisikia maji baridi yakinipanda miguuni na sauti ikinguruma nyuma yangu, "Kaeni chini! Mlima! Kaeni!" Mwenyekiti akajibu bila kufumbua macho, "Tunaomba, bwana!" "Omba ukiwa umekaa! Mungu anasikia hata mtu amekaa!" Nilipofumbua macho nahodha alikuwa amelegeza kamba ya tanga, mkono mmoja uko kwenye usukani, na kwa ule mwingine amemkamata mwenyekiti kwenye mkia wa koti. Akamvuta. Mzee wetu akaketi kwa kishindo ndani ya maji, tai ikaelea mbele yake, na sisi wengine tukaanguka juu ya ule mlima mmoja baada ya mwingine. Mashua ikainuka. Tulifika wote, na hakuna aliyepoteza hata kiatu.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Kamati ikakaa Jumanne iliyofuata, ikaazimia kwamba nahodha yule alikatisha maombi na kumshika kwa nguvu kiongozi wa kanisa. Hakuna aliyetaja maji. Tulichokuwa nacho moyoni ni aibu, maana tuliogopa, tukaokolewa kwa kukemewa, na aliyetukemea alikuwa mtu wa kaptura iliyoraruka. Ikatakiwa barua iende kwa kanisa la huko kwake, ambako alikuwa mzee wa kanisa. Iliandikwa na katibu, kwa kuwa katibu alisifika kwa Kiswahili. Katibu ni mimi. Nilijua kila neno mle lilikuwa la kweli, na barua nzima ilikuwa ya uongo. Nikaipiga muhuri.

Walimvua uzee wa kanisa. Habari zilipanda milimani, na makanisa yakaacha kwenda kwake. Miaka ilipita, nikamkuta soko la Embu, amekaa nyuma ya gunia la ndengu. Alinitambua kabla sijageuza njia. Tulisalimiana vizuri. Nikamuuliza kuhusu mashua, akasema imeoza, lakini tanga lingali zima, anaanikia ndengu juu yake. Kisha, akinipimia ndengu zangu, akasema, "Ile barua ilisomwa kanisa mbele ya watu wote, mwalimu. Mke wangu alikuwa hapo. Kiswahili yake ilikuwa safi sana." Siku ile sikujua kama alijua ni ya nani. Nilichukua ndengu zangu, nikamshukuru, nikaondoka. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi, na yeye alikuwa ameketi pale akinisubiri niseme.

Ijumaa nilikwenda. Tanga lilikuwa limefungwa kwenye nguzo nne kuwakinga jua wazee wa kanisa na wageni wa mbali, nami nikapewa kiti chini yake. Lina madoa ya ndengu. Wazungumzaji walimtaja kuwa mkulima hodari na baba mwema, na hakuna aliyesema kwamba aliwahi kushika usukani. Alasiri upepo ukaanza, tanga likavimba juu yetu likivuta kamba, na mchungaji akasema tusimame tuombe. Wote wakasimama. Mimi nilibaki nimekaa. Kijana wa kupanga wageni akaniinamia, "Mzee, ni maombi." Nikamwambia nimesikia. Nikaomba nikiwa nimekaa, nikilia, na kwenye safu ya mbele yangu nikamwona mjane akigeuka kunitazama. Kisha naye akaketi, taratibu, akishika goti.

Baada ya mazishi nilimwendea, nikamwambia barua ile niliiandika mimi. "Tulijua," akasema. "Mzee alikuwa akisema, huyo ni mwandishi, siku moja ataandika ile ingine." Hii ndiyo ile nyingine, mama. Mumeo hakukataza maombi. Alituokoa watu wanane, na mimi nilikuwamo. Nimejifunza kwamba barua ya kumchafua mtu huchukua jioni moja, na ya kumsafisha nimeichelewesha mpaka yeye hawezi kuisoma. Msomaji, ikiwa kuna mtu anayekudai neno kama hili, usimngoje afe. Mwandikie leo.