Muulize Mwalimu

Mimi ni mwalimu, na ni mtu wa kujisifu kwa Kiswahili changu. Nilizaliwa upande wa Kenya, nikaoa upande wa Uganda, na tangu nihamie Busia hii ya Uganda sijaacha kuwasahihisha watu: waendesha boda, wauza nyanya, hata mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, ingawa huyo namsahihisha kimoyomoyo. Kwa hiyo wanawake wa sokoni walipotafuta mtu wa kuwafundisha, maana wateja wao wengi wanatoka ng'ambo ya mpaka, sikungoja kubembelezwa. Tukapewa ukumbi wa kanisa, alasiri, biashara ikishapoa.

Siku ya maneno ya kuuliza niliingia na mbwembwe zote. Niliandika ubaoni nani, nini, wapi, lini, vipi, gani, kwa nini. Nikawaeleza kwamba swali linaweza kusimama lenyewe, "Anakaa wapi?", au likabebwa ndani ya sentensi nyingine, "Sijui anakaa wapi," na likibebwa hivyo halihitaji tena alama ya kuuliza. Kisha nikawataka kila mmoja aniulize swali moja. Lolote lile, nikasema, mwalimu haogopi swali.

Nilipogeuka kutoka ubaoni ndipo nilipomwona mama mkwe wangu kwenye benchi la nyuma.

Kwa watu wangu na kwa watu wa mke wangu jambo hili ni moja: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Wala yeye hafiki nyumbani kwangu mpaka aitwe kwa sherehe, na sherehe hiyo tulikuwa bado hatujaifanya. Alikuwa ametoka kijijini kwake Nabuyoga asubuhi, akamfuata rafiki yake muuza dagaa, ambaye ni mwanafunzi wangu. Aliketi ameuelekea ukuta, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mtu mwenye adabu angeaga darasa akatoka nje. Mimi nilibaki, kwa sababu wote walikuwa wananitazama na nilitaka waone kwamba mwalimu hatikisiki.

Maswali yakaanza. Mmoja aliuliza huwa nakunywa nini asubuhi. Mwingine akauliza nina pea ngapi za viatu, wakaangua kicheko, maana wanazijua, ni moja. Zamu ikazunguka mpaka nyuma. Nilimwomba Mungu zamu iruke benchi lile. Mama mkwe akamwinamia muuza dagaa, lakini akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Muulize mwalimu, mbona mutoto yangu hachekangi tena kwa simu."

"Mwalimu, anauliza..." muuza dagaa akaanza.

"Nimesikia," nikamkata.

Jibu nilikuwa nalo. Wiki chache kabla ya hapo mke wangu alikuwa amejifungua mtoto asiye na uhai, na mimi ndiye niliyemsihi asimwambie mama yake. Nilisema tusimpandishe presha mzazi, tungoje kwanza. Uongo mtupu. Presha ya mama haikuwa shida yangu. Nilichoogopa ni kuulizwa mambo ya siku ile, na mke wangu, kwa kunisitiri, akawa anapokea simu za mama yake kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Basi nikamjibuje? Nikagonga ubao kwa chaki. "Si 'mutoto yangu'," nikasema. "Tunasema 'mtoto wangu'. Na si 'hachekangi', ni 'hacheki'. Mwambie arudie."

Naandika haya uso ukinichoma. Mama mzima, aliyemzaa mke wangu, amepanda gari kuja kujua mwanawe ana nini, nami namrudisha kwenye ngeli. Mbaya zaidi ni kwamba alinitii. Alirudia akiutazama ukuta, akitafuta neno baada ya neno kama mtoto wa darasa la kwanza, akakosea tena palepale, akaanza upya. Hakuna aliyecheka. Muuza dagaa alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikimwona sokoni nageuza njia.

Sikuweza kumwacha arudie mara nyingine. Nikaweka chaki chini na kumwambia muuza dagaa, maana mama mwenyewe sikuruhusiwa kumsemesha, "Mwambie mama kwamba mtoto alizaliwa amekufa. Tumeshamzika."

Hakukuwa na haja ya mtu kuufikisha ujumbe. Habari ya mjukuu wake ilimfika pamoja na wauza nyanya na wauza mitumba, wote kwa wakati mmoja, na mimi ndiye niliyepanga iwe hivyo, kwa kunyamaza kwangu.

Mama mkwe akavua leso kichwani. Akageuka, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe binti yake, na safari hii hakupitisha neno kwa mtu.

"Nani alikuwa na yeye?"

Siku ile nilikuwa Tororo kwenye semina ya walimu, na simu nilikuwa nimeizima ili isinisumbue nikizungumza mbele ya watu. Mke wangu alikuwa amenipigia, akapiga tena, mpaka akachoka.

"Hakuna mtu, mama," nikasema.

Akaifunga leso kiunoni, akamshika muuza dagaa mkono, akamwambia ampeleke kwangu. Niliwafuata kwa mbali. Aliingia nyumbani kwangu bila kuitwa na bila sherehe, nami nikabaki nimesimama barabarani, nikijifanya nangoja mtu. Baada ya muda nikamsikia mke wangu akilia kwa sauti, kilio kirefu cha kumlilia mtoto wake. Mimi nilikuwa nimekaa naye wiki zote zile, na hakuwahi kulia mbele yangu.