Mwanamke Aliyelijua Ini la Baba Kulwa

Usiniambie njaa ilinichezea macho. Mchana ule nilikuwa nimeshiba, nipo uani kwangu Didia, na nilichokiona nilikiona.

Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamishiwa hapo, kijiji cha ujamaa. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa na uvimbe mgumu chini ya mbavu za kulia, unakua taratibu. Shemeji yangu Masanja akasema karogwa. Akachinja kondoo ili mfumu, mganga wetu, asome matumbo. Ini la kondoo lilijaa vifuko vya maji meupe. Masanja akawatupia mbwa, kama tulivyozoea.

Mbwa hawakula. Walijikunyata nyuma ya ghala. Nikainua macho, mama mmoja nisiyemjua kasimama pale, khanga yake imelowa ubavuni, na ilikuwa kiangazi.

"Mwadila, mayu," akanisalimu. "Ini hilo lizikeni. Mumeo anavyo vifuko hivyo hivyo. Ni minyoo ya tegu, inatoka kwa mbwa. Msimchome. Vikipasuka, hamumpati tena."

Ungefanya nini wewe? Mimi nilimwamini. Lakini kwetu, ukijua kilichofichika tumboni mwa mtu, wewe ndiye uliyekiweka.

"Umejuaje, kama si wewe?" Masanja akamjia juu na fimbo.

Yule mama akazunguka ghala. Tukamfuata. Hapakuwa na mtu wala unyayo, ila mchanga umeloa maji meupe.

Basi mfumu akasema maji ya mchawi yatolewe kwenye uvimbe hapo hapo. Nilimshika Baba Kulwa miguu nikilia. Mwenyewe akasema, "Mama Kulwa, waache watoe. Nimechoka." Wakamchoma kwa kisu chembamba. Maji yakaruka. Mara mwili wote ukamtoka vipele, koo likaziba, akafa ananitazama.

Baadaye daktari wa misheni alinieleza neno kwa neno kama yule mama. Nao wenyeji, nilipowaelezea sura yake, walimtambua. Alizikwa pale nyuma ya ghala kabla hatujaletwa. Mumewe alimpasua ubavuni kumtoa uchawi.

Niamini au usiniamini, lakini ini lenye vifuko lizike, na anayekwambia mgonjwa wako ana nini, usimuulize amejuaje. Mimi mbwa sifugi tena. Ila wanangu walikwisha kua nao, wakila nao chombo kimoja. Juzi Kulwa aliinama kumfunga ndama, akajishika ubavu wa kulia.