Fishi ya Wageni Wanane

"Tantine, mutalii na mukimbizi banatofautiana nini? Bote banatoka mbali, bote banabeba mifuko, bote banalala mu hema."

Nilimuuliza Tantine Kahambu swali hilo mwaka 2018, nikiwa na miaka kumi. Alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake, ndani ya lupango, ua letu la Ndosho mjini Goma, akishona mfuko wa koti uliochanika. Akanirushia lile koti kichwani.

"Kunja hii. Maji haijafika ku nyumba, weye uko unauliza maswali."

Si shangazi yangu wa damu. Ni mpangaji wetu, Munande wa Butembo kama Papa, na watoto wote wa lupango humwita Tantine. Kazi yake ilikuwa kukodisha makoti. Watalii waliokuja kupanda Nyiragongo, volkano yetu, walifika na nguo nyepesi, wakaambiwa kwamba kule juu baridi inakata masikio, wakakimbilia kwake. Alikuwa na makoti kumi na manne, na makubwa aliyapa majina. Lenye vifungo vya shaba liliitwa Kanali. Jeusi refu liliitwa Padri.

Lakini alichoka kubaki chini ya mlima.

"Wenye kupanga safari ndio wanajua mugeni anatoka wapi, atalala wapi, atakula nini," alimwambia Papa. "Mimi najua mabega yake tu."

Ndiyo maana akajiandikisha kwa mafunzo ya kusimamia miradi ya utalii, kila siku ya posho, yaani Jumamosi, miezi sita, katika sali, ukumbi mmoja wa parokia kule Katindo. Mwalimu aliitwa Bwana Grégoire, mtu wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Tantine alirudi jioni na daftari lake, akatufundisha sisi, maana alisema kitu usichomfundisha mtu kinakimbia. Alichora ukuta wa jikoni kwa makaa: kila kazi na mstari wake, inaanza wapi, inaisha wapi, nani anaifanya, na kazi gani lazima iishe kwanza. Maharagwe yanangoja moto. Moto unangoja makaa. Yote yanangoja maji, na maji yananingoja mimi.

"Kahindo, weye uko ku chemin critique," aliniambia.

"Maana yake nini?"

"Mwingine akichelewa, tunavumilia. Ukichelewa weye, lupango lote linalala njaa."

Papa alicheka mpaka akaegemea ukuta, akafuta nusu ya maharagwe kwa mgongo wake. Tangu siku hiyo majirani walimwita Madame Projet, na si kwa heshima kila mara.

Mtihani wa kuandika alifaulu. Lakini brevet, cheti chenyewe, haikutolewa kwa mtihani peke yake. Kila mwanafunzi alitakiwa kupanga ziara moja na kuiendesha mpaka mwisho: wageni wanane wafike, watembee, wale, waage. Kabla ya kuondoka, kila mgeni ajaze mstari wake kwenye fishi, yaani karatasi yenye visanduku vinne: jina, anatoka wapi, siku ya kufika, siku ya kurudi. Bila majina manane, dosie, faili lake, inabaki wazi. Na wakala mmoja wa safari kule Bukavu alikuwa amemwahidi Tantine: lete brevet, meza yako ya kazi ipo.

Ziara yake ilikuwa nzuri, nasema hivyo hata leo. Siku moja, kwa miguu, ndani ya mji. Unaanza Birere, pale lava ya 2002 ilipopita katikati ya maduka na watu wakajenga juu yake. Unakuja Ndosho kwa mafundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, unapanda moja ukitaka, unaanguka ukitaka. Unamalizia kwetu, kwa bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Mimi nilipewa maji ya kunawa. Chemin critique tena.

Somo la hatari lilimtesa. Aliandika katika jedwali: vita, ugonjwa, volkano. Grégoire akamwita mbele ya darasa.

"Mama Kahambu, volkano umeiweka mu hatari na mu vivutio pia. Chagua moja."

"Muifundishe volkano yenyewe ichague, Bwana Grégoire."

Darasa lilipiga kelele. Grégoire akamwambia aongeze siku za akiba, za kungojea tatizo lipite. Akaweka wiki. Wiki haikutosha. Akaweka mwezi, kisha miezi mitatu, mpaka kalenda yake ikawa akiba tupu na ziara ikabaki kidoti pembeni.

Mwezi wa Mei 2018, wageni wa kwanza walikuwa wamekubali, parc, hifadhi yenye mlima, ikafungwa kwa sababu ya usalama, wakabaki Kigali. Mwaka uliofuata Ebola ikafika mjini. Halafu korona, na mpaka ukafungwa. Kila mara Tantine alipangusa ukuta kwa kitambaa cha maji na kuchora mistari upya. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa na hasira isiyojua imkasirikie nani.

Mei 2021 nilikuwa na uhakika. Wageni wangefika siku ya pili ya juma. Siku ya posho jioni Nyiragongo ikalipuka, mbingu ikawa nyekundu. Siku chache baadaye tulipoambiwa tuhame mji, Tantine alipakia makoti kwenye chukudu.

"Na godoro lako?" Papa aliuliza.

"Godoro halina wageni," akajibu, na tukatembea hadi Sake nyuma ya Kanali na Padri.

Kisha vita vya Rutshuru. Mwisho wa 2022, mchana mmoja wa mvua, watu waliingia katika lupango letu wakiomba kusimama chini ya bati. Mama mzee, Mukamurenzi, na binti yake, na wajukuu sita. Tantine hakuuliza kitu. Alitoa makoti manane. Mtoto mdogo kuliko wote alipotea ndani ya Padri, ikabaki pua.

"Siku mbili tu, mpaka nguo zikauke," alisema Mukamurenzi.

Walikaa kwetu wiki tano. Tantine alipanga zamu za kupika, foleni ya choo, mikeka ya kulalia, kila kitu na mstari wake ukutani. Watu wa shirika moja la misaada walipita wakashangaa.

"Mama, nani alikufundisha kupanga hivi?"

"Nilisomea watalii," alisema, akaingia chumbani akafunga mlango kwa nguvu.

Siku moja ya Mungu, baada ya misa, Bwana Grégoire alifika. Mafunzo yanafungwa, alisema, dosie zote zinamalizika mwezi huu, isiyokamilika inatupwa. Kisha akawatazama waliokuwa wakiota jua, midomo yake ikihesabu.

"Lakini Mama Kahambu! Hawa ni wanane!"

"Wanane nini?"

"Walifika. Walitembea mu mji. Wanakula kwako. Makoti hata wanayavaa. Nipe fishi, wajaze, kesho unaenda Bukavu. Nani atakuja kuangalia?"

Nilikwisha kukimbia kuchukua biki ya kuandikia. Miaka minne! Nilimwekea Mukamurenzi karatasi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Naye hakukataa.

"Umetuvika, Mama Kahambu. Nitakunyima jina?"

Aliandika polepole, herufi kubwa. Jina. Rutshuru. Siku ya kufika aliikumbuka vizuri. Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa wanauliza nini, mwanangu?"

"Siku ya kurudi," nilimsomea.

"Niandike nini?"

"Yoyote," alisema Grégoire, akitazama saa yake. "Andika kesho."

Mjukuu aliyevaa Padri alisimama. "Kesho tunarudi?" Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria yao, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akaanza kuifunga kwa kitenge.

Tantine alichukua ile karatasi kutoka mkononi mwa Mukamurenzi, taratibu, akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa Kanali.

"Hiyo ni kiburi," alisema Grégoire. "Mtu anakufungulia mlango!"

"Fungua ule wa lupango, utokee hapo. Asante kwa mafunzo."

Sikumsemesha Tantine siku mbili. Nilimwona mpumbavu. Mstari mmoja ulikuwa karibu kujaa, na saba ilikuwa kazi ya dakika kumi. Meza ya Bukavu alipewa mtu mwingine kabla ya Noeli.

Mukamurenzi na wake walihamia hemani, katika kambi, na kila siku ya Mungu walikuja kutusalimia, ndani ya makoti yaleyale. Januari 2025 vita vikaingia Goma kwenyewe. Februari kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Mukamurenzi alikuja na koti lake limefuliwa, limekunjwa kama la duka. Tantine alilikunjua akamvika tena, akamsindikiza mpaka kwenye kamyo, lori la kuwarudisha. Aliporudi hakula.

Kesho yake nilimkuta mlangoni, akishona. Mimi sasa nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa mwisho, ingawa shule inafungwa na kufunguliwa inavyotaka yenyewe. Kanali lilikuwa magotini pake, na pembe ya fishi ilichungulia mfukoni. Nikamuuliza tena lile swali langu la zamani, neno kwa neno.

Safari hii hakunirushia koti. Alikata uzi kwa meno.

"Mutalii, mimi mwenyewe nilikuwa namuandikia siku ya kurudi mbele hata afike. Mama Mukamurenzi, jana, kamyo imekwisha kuwaka, aliinama akanishika mukono. Akaniambia: 'Mama Kahambu, weye ulisoma kupanga safari. Kule nikifika, nani ananipokea?'"