Kalibu ya Bunduki ya Mama Mwenye Nyumba

Mwaka ule wa mavuvuzela, wa kombe la mpira, nilikuwa nimepanga chumba cha uani kule mtaa wa Glenwood, kusini kabisa mwa Afrika, kwa mama mmoja Mzungu aliyenizidi Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, tunakojisifu kwamba lugha hii ni yetu. Yeye alizaliwa Tanga, baba yake akiwa mhandisi wa shamba la mkonge, akaondoka huko msichana wa miaka kumi na minane. Nikimwambia, "Mama, maji iko kidogo kwa robine," ananijibu taratibu, "Maji yanatoka kidogo bombani, fundi. Nimekuelewa." Nilimpenda kabla sijajua kwamba ana bunduki.

Aliniita fundi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nakereza vyuma kwenye karakana moja karibu na bandari: shafti za pampu, bushi za malori, chochote kilicholika. Maikromita yangu, chombo cha kubana na kupima unene, niliitoa Bujumbura nimeificha ndani ya soksi, nikavuka nayo mipaka minne. Najivunia mikono yangu, sioni haya kusema.

Jumapili moja alitualika jikoni kwake, mimi na mke wangu, akatupa chai ya maziwa yenye iliki, kisha akatueleza shida yake. Marehemu mumewe alikuwa amemwachia bunduki ya zamani ya jeshi, ya mbao ndefu, iliyopigana vita kabla sisi hatujazaliwa. Alikuwa na kibali chake mwenyewe, na alipiga nayo shabaha kwenye klabu nje ya mji. Lakini mtutu ulikuwa umelika, na risasi za dukani zilikuwa nyembamba mno kwake. Zilitoka zikiyumba na kutoboa karatasi kwa ubavu, zikiacha tundu refu badala ya duara. Mumewe alikuwa akisubu risasi zake mwenyewe, akimimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu yake, lakini gereji ilipoingia maji, kalibu ile ililiwa na kutu.

Sasa alitaka nyingine. Ng'ambo kulikuwa na mzee aliyezichonga moja moja, kwa kipimo anachopewa. Unamwandikia, unangoja miezi minne.

"Minne ninayo," alisema. "Zaidi ya sita, daktari hataki kuniahidi."

Jicho lake la kulia lilikuwa linafifia. Alitaka kupiga mara moja zaidi, siku ya bunduki za zamani pale klabuni, kwa risasi alizozisubu mwenyewe, kisha airudishe bunduki serikalini. Kalibu ikija na kipimo kibaya, hapatakuwa na muda wa kuagiza ya pili. Alichotaka kwangu ni hicho kipimo.

Tulipofika chumbani mke wangu alianza kukunja nguo kwa nguvu, kama zimemkosea.

"Wee, tulikimbia masasi kule. Sasa unakuja kuwapimia watu masasi huku? Eish."

"Ni kupima risasi tu."

"Kupima tu," alirudia, wala hakuniangalia.

Na ukweli ni kwamba niliogopa kuliko yeye. Kule kwetu mlio wa bunduki ulikuwa na maana moja tu: lala chini, mvute mtoto, usiinue kichwa. Mama mwenye nyumba aliponiomba nitazame ndani ya mtutu, nilimwambia bila kuzunguka, "Mama, mimi bunduki sishiki."

Jumamosi alikaa barazani na kuifanya kazi mwenyewe. Alichukua kipande cha madini laini ya risasi, yale wavuvi wa ndoano wanayofunga yawe uzito, akakipaka mafuta, akakipitisha ndani ya mtutu kwa ufito wa mbao na nyundo ndogo. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Alipiga, akapumzika, akapiga tena, hakupinda ufito hata mara moja. Mimi nilimtazama kutoka kwenye kamba ya nguo, mwisho wa uwanja, nikisema moyoni kwamba karakana nzima hatuna mkono mtulivu kama ule.

Kile kipande hutoka kikiwa na alama za mifereji iliyo ndani ya mtutu, na ukikipima hicho umeupima mtutu wenyewe. Aliniletea kwenye leso. Nilikibana kwenye maikromita, nikasoma, nikamtajia namba, nikamrudishia leso yake.

"Una hakika?"

"Mama, mimi ni tourneur."

Kwetu mkereza vyuma huitwa hivyo, na maringo gani yale! Aliandika namba, akanishukuru.

Wiki mbili baadaye, kazini, nilikuwa napima kifaa cha kupanulia matundu, chenye meno matatu. Kila mkereza vyuma anajua kwamba meno yakiwa witiri, matatu au matano, maikromita ya kawaida inadanganya, kwa sababu jino linatazamana na pengo. Nikasimama pale pale, mkono hewani. Ule mtutu ulikuwa na mifereji mingapi? Sikujua. Kile kipande nilikuwa nimekishika kama mtu anavyoshika nyoka aliyekufa, nikitaka tu kitoke mkononi mwangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na mimi kwa kushtuka sikuhesabu.

Nilipanda taxi, daladala za huku, nikashukia kwenye robot ya mwisho, zile taa za barabarani, na kukimbia hadi nyumbani.

"Mama, barua umeituma?"

"Kaa kwanza, upumue."

"Mama, leta bunduki. Nataka kuihesabu mifereji kwenye mtutu wenyewe."

Aliniangalia kidogo. Kisha alifungua kasha la chuma, akaitoa, akahakikisha haina kitu, akachomoa bolti inayofunga mtutu kwa nyuma, akanikabidhi. Ilinuka mafuta yale yale ya karakana yetu. Niliuelekeza mtutu dirishani, nikaweka jicho.

"Mitano," nilisema. "Nimekupimia mfereji upande mmoja na tuta upande wa pili. Namba yangu ni mbovu."

Alivuta droo ya meza. Barua ilikuwamo, imebandikwa stempu, haijatumwa.

"Nilikuona ulivyokishika," alisema. "Nikasema, huyu hajapima, huyu ametoroka. Lakini ni fundi, atarudi."

"Na nisingerudi?"

"Ningekuuliza Jumapili hii. Wiki mbili nilikuwa nazo za kukupa."

Wiki mbili za jicho lake! Niliona aibu, na pamoja na aibu nikamheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu yeyote katika mji huu.

Nilitumia mapumziko ya mchana ya siku nne kutengeneza kibao cha chuma chenye matundu tisa, kila moja likilizidi la nyuma yake kwa unywele. Sonara anapima kidole kwa pete, nami nilipima kwa matundu. Kipande kilikataa matundu sita, kikaingia la saba kwa kusukumwa na kidole gumba, kikacheza kwenye la nane. Tofauti na namba yangu ya kwanza ilikuwa unene wa karatasi moja ya daftari. Umbo la risasi tulilichagua pamoja mezani kwake: tuliiacha ile yenye ncha kali, ambayo ilimvutia macho, tukachukua ya pua butu na mwili mrefu, kwa sababu mtutu mzee unataka kitu cha kushika. Namba mpya niliiandika mimi.

Kalibu ilifika mwezi wa tano. Alizisubu risasi uani, glavu za ngozi hadi viwikoni, nami nikakaa hatua mbili tu kutoka kwake. Mke wangu alituletea chai, akazitazama zikipoa juu ya taulo. "Zinang'aa," alisema, kisha akarudi ndani upesi.

Siku ya klabu nilimsindikiza. Alipiga kumi, bila haraka, kama alivyopitisha ule ufito. Karatasi ilipoletwa, akaisogeza karibu na uso, akaacha, akafumba macho yote mawili na kupitisha kidole juu ya tundu moja baada ya jingine. Nilimhesabia kwa sauti.

"Yote duara, fundi," alisema.

Nilifika kumi. Na hapo ndipo nilipong'amua kwamba milio kumi imepita, na mimi bado nimesimama.