Nguzo Isiyotaka Moto

Kabla ya ile miti ya kijani kufika bandari ya Kalundu, huku kwetu Uvira hakuna muntu aliyejenga nyumba akafikiri itadumu kuliko yeye mwenyewe. Nyumba ilikuwa kama nguo. Unaivaa, inachakaa, unatafuta ingine. Mchwa walikuwa wanatoka chini na kupanda ndani ya nguzo bila kelele, nje unaona mti mzima, ndani limebaki ganda tu kama la karanga. Halafu siku moja upepo wa ziwa unasukuma kidogo, na weye unasimama nje ukihesabu sufuria zilizopona.

Miaka ile ya Wabelgiji nilikuwa na kazi bandarini, katika depo ya miti. Kazi yangu ilikuwa pipa. Tulikuwa tunachemsha dawa nyeusi, nzito, yenye harufu ya kukwaruza koo, halafu tunasimamisha miti ndani yake, miguu chini, tunaiacha inywe. Hiyo ilikuwa miti ya waya za simu na ya bandari. Msiniulize dawa ile ilikuwa ya namna gani. Shule nilisoma kidogo kwa mapadri, nikaikimbia pale walipofika kwenye hesabu ya kugawanya, na mpaka leo kugawanya sijui.

Kwenye pipa nilikuwa na mwenzangu, mzee mmoja wa upande wa Fizi. Yule mzee alikuwa anaongea na miti. Anaupiga mti kofi, anauambia, "Kunywa, mjinga, mchwa hawatakungoja umalize kufikiri." Nilikuwa nacheka kutwa. Sikujua kama kicheko kile kilikuwa sehemu kubwa ya chakula changu.

Basi ndipo ikafika ile miti ingine. Ilivushwa ziwa kwa mashua kubwa, imepangwa vizuri, rangi yake ya kijani kama shaba ya zamani iliyolala kwenye unyevu. Kapita wetu, yaani msimamizi wa kazi, alitueleza kwamba hii haikuloweshwa kwenye pipa. Ilifungiwa ndani ya tumbo la chuma, mashine ikanyonya hewa yote iliyokuwa ndani ya mti, halafu ikasukuma dawa kwa nguvu mpaka mti ukawa hauna pa kuikatalia. Yule mzee wa Fizi akauliza kama mti ulikubali wenyewe au ulilazimishwa. Kapita akasema ulilazimishwa. Mzee akasema, basi huo si mti tena, ni askari.

Tulicheka, lakini pipa letu lilizimwa. Mzee alirudishwa kwao, na minye nikawekwa kubeba. Kubeba ni kazi ya watu wengi, lakini kila muntu anabeba na pumzi yake, hakuna maneno.

Sasa niseme juu ya bibi yangu, yaani mke niliyemuoa, maana hiyo miti haina maana bila yeye.

Alikuwa mtu wa Kiringye, kule bondeni Ruzizi, kwao wanalima pamba na nyumbani wanasema Kirundi. Mimi ni wa milimani. Wazazi wangu walikufa mapema, shangazi aliyenilea naye akafuata, nikashuka ziwani sina mtu. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Kilibula, ya miti na udongo, na bibi yangu alikuwa na tabia ya kuimba akichagua ndagala, vile visamaki vya ziwa, akitoa mchanga na kokoto. Ndagala za siku zile zilikuwa nene, si kama hizi za leo zinazofanana na sindano. Lakini nisipotee.

Katika mvua kubwa ile nyumba ilianguka. Ilianguka mchana, sisi wote wawili tuko ziwani, haikuumiza mtu. Nguzo ya katikati ilikatika kama muhogo uliooza. Siku chache baadaye baba mkwe akaja, akamchukua binti yake. Hakuja kwa hasira. Kwao ndiyo desturi: nyumba ikianguka, mke anarudi kwa baba yake mpaka mume apate miti mipya, na siku ya kusimamisha nguzo ya katikati, watu wa mke wanaitwa. Wanachoma mguu wa nguzo kwenye moto mpaka uwe mweusi, wanausimamisha, wanakunywa, wanarudi kwao, na mke anabaki. Hata kwetu milimani tunachoma miguu ya nguzo. Lakini kwetu mtu anachoma mwenyewe, nyuma ya nyumba, kama anavyochoma mahindi. Ni kwa ajili ya mchwa, kwa sababu mkaa hawaupendi.

Kwa hiyo nilifikiri moto ule wa kwao pia ni wa mchwa tu. Kosa langu lote ndilo hilo, hakuna lingine.

Bibi yangu aliniambia akiondoka, "Fanya haraka. Mi sipendi kulala na wadogo zangu, wanapiga mateke."

Nikafanya haraka. Pale depo kulikuwa na miti ya kijani iliyopasuka vichwa wakati wa kushushwa, haifai kwa waya, na kapita aliniruhusu kuchukua. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, nisiichonge mguu, maana dawa haikuingia mpaka kwenye moyo wa mti. La pili, nisiichome, hata kipande cha kupikia, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Niliitika. Niliwaza: miti hii haitaki kuchomwa, tena haiogopi mchwa, basi kwa nini niwasumbue wakwe waje kutoka Kiringye kwa kazi ambayo haipo? Nitasimamisha nyumba nzima, niwaite waione. Watafurahi. Baba mkwe atasema binti yake sasa amepata nyumba ya mwanaume kweli.

Nilijenga peke yangu, kila jioni baada ya kazi na Jumapili baada ya misa. Majirani walikuwa wanapita, wanauliza kama nataka wanisaidie kushika, nasema hapana, niko sawa. Nilizifunga nguzo kwa kamba, nikazivuta kidogo kidogo. Sikutaka mtu. Nilipika bugali mwenyewe, na bugali ya mtu mmoja ni ngumu kupika, siku zote inazidi. Nilikuwa nakula nikitazama ile nguzo ya katikati, iliyonyooka, ya kijani, na nilikuwa naongea nayo kama yule mzee wa Fizi. Nilikuwa naiambia, anakuja.

Nikatuma neno kwa dereva wa kamio, lile lori la kubeba pamba: nyumba iko tayari, waje.

Walikuja asubuhi moja: baba mkwe, mdogo wake, na bibi yangu katikati yao, ameketi juu ya magunia. Nilikuwa nimenunua kasiksi pale Kimanga, pombe nzuri ya ndizi, iliyochacha sawasawa. Baba mkwe alishuka wa mwisho. Alikuwa amekumbatia chungu kilichofunikwa kwa majani ya ndizi, na mikono yake ilikuwa na majivu mpaka viwikoni. Walibeba makaa kutoka jikoni kwao. Njia yote kutoka Kiringye, dereva akiwagombeza kwamba watachoma pamba ya Wazungu, walikuwa wanapuliza, wanaongeza kuni ndogo, wanapuliza, ili moto wao usife njiani.

Nilikisalimia kile chungu kwa macho kabla ya kuwasalimia watu. Ndipo moyo wangu ulipoanza kuelewa, lakini mdomo ulikuwa umekwisha kuanza safari yake.

Niliwaonyesha nyumba. Nilieleza tumbo la chuma, hewa iliyonyonywa, dawa iliyosukumwa. Nilipiga nguzo kofi. Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho, chungu bado mikononi.

"Mukwe," akasema, "ni vizuri. Sasa tuchome nini?"

"Hakuna ya kuchoma, baba. Miti hii haichomwi. Moshi wake unaua."

"Hata huu wa katikati?"

"Hata huo. Tena umekwisha simama."

Mdogo wake, ambaye alikuwa mtu wa mzaha, akaangalia ndani ya chungu. "Basi haya makaa tuyale," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwenyewe alijaribu, akaacha.

Baba mkwe hakunitukana. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenitukana. Alikaa, akanywa kasiksi kwa heshima, akasifu pombe, akauliza habari za kazi. Halafu akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia, kwamba wao huwa hawaachi binti kwenye nyumba isiyo na moto wao. Nguzo ambayo watu wa mke hawakuichoma ni nguzo ya mwanaume peke yake, na nyumba hiyo ni ya mwanaume peke yake. Nikasema nitaing'oa sasa hivi, nitaweka nguzo ya kawaida ya kalitusi, tuichome. Aliniwekea mkono begani, mzito, wenye majivu.

"Nguzo ya katikati inang'olewa siku mwenye nyumba amekufa. Weye iko mzima. Ngoja ianguke. Ikianguka, tutakuja. Moto tunao."

Walirudi na kamio ileile. Kabla ya kupanda, bibi yangu aliingia ndani, akashika ile nguzo, akanusa kiganja chake. Akatoka akijipangusa kwenye kitenge.

Hivyo nikaanza kungoja nyumba yangu ianguke.

Nawaambia ukweli, sijui kama kuna mtu mwingine aliyepata kuomba mchwa. Majirani walikuwa wanawaua kwa maji ya moto, na minye nilikuwa nawakaribisha. Nilivunja kichuguu nyuma ya Kilibula, nikabeba ule udongo na wenyewe ndani, nikaumwaga kwenye mguu wa nguzo. Nilimwagia maji ili pawe na ubaridi wanaoupenda. Niliwawekea majani makavu kama kumtandikia mgeni mkeka. Walifika, walipapasa, wakazunguka nguzo kama wanaozunguka shimo, wakaenda kula mlango. Mlango niliutengeneza kwa mbao za kawaida. Waliumaliza mlango wote. Nikakaa kwa nyumba isiyo na mlango, yenye nguzo imara kuliko nguzo zote za Uvira.

Mvua zilikuja, mwaka wa kwanza na wa pili. Nyumba za Kilibula ziliinama, zingine zikalala kabisa, na nilikuwa nasikia watu wakiitana, wakikusanyika, wakileta miti, wakiwasha moto wa kuchoma miguu, pombe ikizunguka. Nilikuwa naenda kusaidia, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa inajua kazi. Wananisifu. Wananiambia, weye una bahati, yako haikusumbui. Narudi kwangu, naketi, naegemeza mgongo kwenye ile nguzo, nasikiliza mvua juu ya majani. Kapita alinipitia siku moja, akaitazama, akasema ataipeleka habari kwa wakubwa, dawa ile ni nzuri sana. Nilimkaribisha bugali iliyozidi.

Nilikwenda Kiringye mara moja tu, wakati wa kuvuna pamba. Sikwenda kumwomba baba mkwe, maana neno lake alikwisha lisema na halikuwa baya. Nilikwenda kumwona yeye. Nilimkuta kwenye uwanja pamoja na wanawake wengine, wanachambua pamba, nyeupe upande huu, yenye madoa upande ule. Walinisogezea gunia nikae. Wale wanawake wakainuka mmoja mmoja, kila mmoja amekumbuka kazi yake, wakatuacha.

Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimwambia amependeza, akasema ni vumbi. Vidole vyake havikusimama kazi.

"Nasikia nguzo yako iko nzima," akasema.

"Iko nzima."

"Hata mchwa mmoja?"

"Hata mmoja. Walikula mlango."

Alicheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Halafu kikaisha.

"Pole," akasema.

Wakati nyumba yetu ya kwanza ilipoanguka, sikumbuki kama kuna mtu alinipa pole. Ile ndiyo ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa ya nguzo iliyosimama.

Kisha akaniambia bila kuzunguka, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzunguka. Kuna mwanaume wa ng'ambo ya Ruzizi, mkulima, amefiwa na mke, amekuja kuongea na baba yake. Baba yake hakukataa. Alimwambia binti yake kwamba amengoja mvua mbili, na hata angengoja ingine, miti ile ya Wazungu inaonekana haina haraka.

Nilitaka kuuliza kama anampenda. Nilitaka kuuliza kama wameshapatana siku. Maneno yakapita yote, likatoka moja ambalo hata mimi lilinishangaza.

"Nyumba yake ikoje?"

Alichukua pamba, akaiangalia doa, akaitupa upande wa zenye madoa.

"Imeinama," akasema.